Mlima, Bonde na Karo

Wazee husema kwamba penye nia pana njia. Neno hilo ni kweli, lakini historia hutuagiza kuuliza swali la pili: njia hiyo ina urefu gani, na ni nani aliyeikata? Watu wawili wenye nia moja huweza kuondoka alfajiri moja, mmoja akafika adhuhuri, wa pili akakutwa na usiku njiani. Atazamaye mwisho wa safari tu atamsifu wa kwanza kwa bidii na kumlaumu wa pili kwa uvivu, naye atakuwa amehukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Itazame nchi ya Embu. Juu, karibu na Mlima Kenya, mvua ni nyingi na udongo una rutuba. Chini, katika nchi ya Wambeere, ardhi huteremka mpaka mto Tana, na huko ndiko iliko Kiambere. Mvua yake ni haba. Wenyeji hutegemea mtama, mawele, kunde na mbuzi. Wamisionari wa Kiingereza walijenga Kigari mwaka 1910, huko juu penye baridi. Wale wa Uskoti wakajenga Chogoria, upande wa Meru, mwaka 1922. Shule ikafuata kanisa. Katika miaka ya 1930 Waafrika wa Meru na Embu wakaanza kuruhusiwa kupanda kahawa, zao listawilo mlimani wala si bondeni. Hivyo mtoto wa juu alipata mambo mawili pamoja: shule jirani na zao la kulipia karo. Mtoto wa bonde hakuchagua mahali pa kuzaliwa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba hiari ya mtu haikuwa na kazi. Jeremiah Nyagah, aliyezaliwa Embu mwaka 1920, alisoma Alliance na Makerere, akawa mwalimu, na mwaka 1958 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Wengi walikaa karibu na shule kama yeye, wala hawakufika alikofika. Tena, mabishano juu ya tohara ya wasichana yalipozuka mwaka 1929, wazazi wengi waliacha shule za misheni, nao hawakuacha elimu: katika nchi ya Wakikuyu, Embu na Meru walijenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri. Lakini baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, serikali ilizifunga shule hizo. Hiari ya wazazi ilifungua mlango. Amri ya mtawala ikaufunga.

Sasa turudi Kiambere. Mwaka 1988 bwawa la umeme lilikamilika pale juu ya Tana, na jamaa nyingi zilihamishwa kulipisha maji. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba shamba la jamaa iliyohamishwa lilipungua, kwa wastani, toka hekta 13 hadi 6. Mifugo ikapungua kwa zaidi ya theluthi. Mapato yakashuka kwa sehemu 82 katika kila 100. Mwaka ule ule serikali ilithibitisha siasa ya kuwataka wazazi wachangie zaidi gharama za shule. Pima basi mambo hayo mawili pamoja. Mzazi aliyekuwa akiuza mbuzi ili mwanawe asome aliongezewa gharama wakati zizi lake likipungua. Ikiwa mwanawe aliacha shule, je, tuseme alichagua?

Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa nchini Kenya, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wakaingia darasani. Hilo ni ushahidi kwamba kwa wengi wao nia ilikuwapo tangu zamani, ila bei yake ilikuwa kubwa.

Nawe kijana usomaye haya, chukua masomo mawili. Ukiwa umetangulia, usijivunie peke yako njia iliyokatwa na wengine kabla hujazaliwa. Ukiwa umechelewa, jua sababu zilizokuchelewesha, bali usizifanye mto wa kulalia. Maana hatua iliyo mbele yako, hata ikiwa fupi, hakuna wa kuipiga ila wewe.