Muuguzi wa watoto mahututi: masomo yake na kazi inayomngoja

Wiki mbili zilizopita kaka yangu alinipigia simu kutoka Likoni, usiku, saa ambayo watu wazima hupigiana simu kwa msiba tu. Hakukuwa na msiba. Alitaka kujua kama auze kipande chetu cha minazi cha Kikambala ili bintiye aende Marekani kusomea uuguzi wa ngazi ya juu wa watoto mahututi. Bintiye ana shahada ya kwanza, ana leseni, na amefanya kazi miaka mitatu katika wodi ya watoto Mombasa. "Wewe ndiye muuguzi wa ukoo," kaka akaniambia, "sema neno."

Mimi naishi Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine. Bara hii nimeizoea, isipokuwa vumbi la Januari na baridi ya Julai. Neno lenyewe sikuweza kulisema kwenye simu. Nalisema hapa, maana najua nyumba nyingi za Pwani zina binti au kijana wa namna hii, na wazee wake hawajui anachokiomba ni kitu gani.

Muuguzi wa aina hii hupima mtoto, huagiza vipimo, hutambua ugonjwa, huandika dawa na kuamua hatua inayofuata, akishirikiana na daktari bingwa. Si muuguzi aliyekwezwa cheo kwa kukaa kazini miaka mingi, wala si daktari nusu. Kazi ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanza kufundisha wauguzi kuhudumia watoto wa maeneo yasiyo na madaktari. Baadaye njia ikagawanyika. Wako wanaolea watoto wa kliniki, wa chanjo, kikohozi na ukuaji. Na wako wanaomshughulikia mtoto ambaye hali yake hugeuka kwa saa, aliye ICU, chumba cha dharura au wodi ya waliotoka kupasuliwa. Hawa wa pili walianza kuwa na mtihani wao wenyewe Marekani mwaka 2005. Masomo ni ya uzamili au udaktari wa uuguzi, kwa kawaida miaka miwili hadi mitatu au zaidi, na viwango vya huko vya mwaka 2022 vinadai saa zisizopungua 750 za kumhudumia mgonjwa chini ya msimamizi. Zamani zilikuwa 500.

Afrika nayo haikulala. Botswana ilianza kufundisha wauguzi wake kupima na kutibu familia nzima mwaka 1981, kwa sababu hospitali zilikuwa mbali na madaktari hawakutosha. Nasi Kenya, nenda zahanati yoyote ya Ganze au Kinango umwone nani anayepima na kutoa dawa. Ni muuguzi. Kazi anaifanya miaka yote, ila cheo na mshahara wake havijaifuata.

Masomo matatu ndiyo uti wa mgongo: jinsi mwili wa mtoto unavyougua, dawa, na kumpima mgonjwa kwa mikono na macho. La dawa ndilo huwaliza wengi. Mtu mzima hupewa kidonge kimoja au viwili, mtoto hupewa kwa uzito. Chukua mtoto wa kilo 8 anayehitaji gentamisini miligramu 7.5 kwa kila kilo: ni miligramu 60 kwa siku. Nukta ikisogea mara moja tu, umeandika 600. Nimewahi kumshika mkono mwanafunzi mwenye akili nyingi, sindano ikiwa tayari, kwa sababu ya nukta.

Na hapa ndipo ninapopenda kuwakumbusha watu kwamba elimu ya mtoto mahututi haitoki ng'ambo peke yake. Kwa miaka mingi vitabu vilisema mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri amiminiwe maji ya dripu kwa haraka. Utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka Kilifi yetu hii, ukawachukua watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania na kulijaribu jambo hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: katika saa 48 za mwanzo, walikufa kama 10 na nusu katika kila 100 ya waliomiminiwa maji kwa haraka, na 7.3 katika kila 100 ya wale ambao hawakumiminiwa hivyo. Dunia nzima ilibidi ikae chini ifikiri. Mwanafunzi aliyesomea mahali penye mashine ya kupumulia kando ya kila kitanda atajifunza dripu kwa namna moja; akirudi Msambweni itabidi ajifunze upya.

Hata ndani ya Kenya mambo hubadilika. Nilipofika Nakuru nikitoka Mombasa nilikuwa nawaza malaria kwa kila degedege. Huku mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, malaria si mgeni wa kila siku. Nimonia ndiyo inayotukesha. Oksijeni ya damu nayo husoma chini kidogo kuliko Pwani hata kwa mtoto mzima, kwa sababu ya mwinuko. Mwongozo wetu unasema ukiona chini ya 90 kwa 100, mpe oksijeni. Lakini lazima umtazame mtoto mwenyewe, mbavu zinavyoingia ndani na pua inavyotanuka, usiitazame namba peke yake.

Je, njia ya hapa nyumbani ikoje? Huanza na stashahada au shahada ya uuguzi, kisha usajili wa Baraza la Wauguzi la Kenya, na kwa mwenye shahada, mwaka wa mafunzo kazini. Baada ya kufanya kazi, mtu huchukua stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto au ya wagonjwa mahututi. Vyuo vya KMTC vinafundisha, na hospitali ya watoto ya Gertrude's, Nairobi, ina chuo chake. Kwa uzamili, Chuo Kikuu cha Nairobi kina mkondo wa watoto na mkondo wa mahututi. Shahada yenye jina lile la Marekani, la watoto na mahututi kwa pamoja na ruhusa kamili ya kuandika dawa, bado sijaona hospitali ya Kenya ikiitangazia kazi. Maafisa wa kliniki wametutangulia kidogo: hospitali ya AIC Kijabe inawafundisha dharura na ICU kwa miezi 18.

Kabla ya yote hayo, chukua mafunzo ya ETAT+. Ni siku tano tu, ila ni siku tano za jasho: kumpanga nani aonwe kwanza, njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, degedege, maji mwilini. Kijitabu chake hukaa mfukoni. Changu kimeshikwa na gundi mara tatu.

Sasa lile linaloniuma. Mimi nilisoma stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto kwa likizo ya masomo, nikatia saini kwamba nitarudi kumtumikia mwajiri. Nikarudi kweli. Hospitali sitaitaja. Nikapangwa wodi ya wanaume waliopasuliwa, miezi kumi na minne. Mshahara haukusogea hata shilingi. Usiku mmoja nikaitwa mbio chini: mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kuhara siku tatu, macho yameingia ndani, mshipa haupatikani, na waliokuwapo wamemtoboa mikono yote miwili na miguu. Nikamwingizia sindano kwenye mfupa wa muundi, kama tulivyofundishwa, maji yakaingia. Alfajiri mamake alimnyonyesha. Nami nikapanda ngazi kwenda kubadilisha bandeji za wanaume.

Tangu katiba ya 2010 huduma hizi ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo anayeamua muuguzi apangwe wapi hayuko mbali nawe. Kwa hiyo namwambia kila anayeniuliza: kabla ya kulipa karo, omba barua. Iseme utarudi wodi gani na daraja gani la kazi. Ukinyimwa barua, angalau umejua mapema. Na ukiwa mjumbe wa bodi ya hospitali unayesoma hapa, hesabu wauguzi wenu waliosomea watoto, kisha uulize wangapi wako kwa watoto leo.

Turudi kwa minazi. Njia ya Marekani ipo na si ya kudharauliwa, lakini haianzi na karo. Inaanza na mtihani wa leseni ya uuguzi ya huko, viza, kisha vyuo vingi hutaka uwe umefanya kazi kwa watoto mahututi hukohuko au mahali panapolingana. Ni miaka kadhaa kabla ya siku ya kwanza darasani. Kuuza shamba leo kwa ajili ya darasa hilo ni kununua tanga kabla ya jahazi. Na ajenti anayedai pesa zote mbele, mkimbie.

Nilimwambia kaka: usiuze. Achukue ETAT+ mwaka huu, aombe uzamili Nairobi, na Marekani akiitaka baadaye aende akiwa na kitu mkononi. Kaka hakufurahi. Alisema nimekaa bara mpaka nimekuwa mwoga. Huenda. Yeye anaona dola, na sina haki ya kumlaumu mtu aliyesomesha watoto watano kwa pesa za feri na boti.

Binti mwenyewe hakuingilia mazungumzo yetu. Juzi akanitumia ujumbe: "Shikamoo shangazi. Nikija Nakuru miezi mitatu kuona wodi yenu ya nimonia, kuna mahali pa kulala?" Nimejibu marahaba, na nimeshaitoa cherehani chumba cha nyuma. Nimemwambia abebe sweta mbili.