Isunzu: Mgongo Ugawao Maji Karibu na Bweyeye

Karibu kila mji una alama yake ambayo wageni huijua kabla hawajafika. Mombasa ina Ngome ya Yesu, Kilwa Kisiwani kuna magofu ya msikiti mkuu, na Bagamoyo ina nyumba zake za kale. Lakini ni kawaida pia kwamba mwenyeji wa mahali hapo hupita kando ya alama hiyo miaka nenda miaka rudi asiingie ndani. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Na mara nyingi mwenyeji huanza kukitazama kilicho chake siku ile anapojiwa na mgeni. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za alama moja isiyo na mnara wala ukuta, iliyo jirani na Bweyeye nchini Rwanda, na kuonyesha kwamba historia yake ni sehemu pia ya historia ya Kiswahili.

Bweyeye ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, katika nchi iliyokuwa zamani mkoa wa Cyangugu. Kusini yake ni Burundi, na upande wa kaskazini umezibwa na msitu mkubwa wa Nyungwe, ambao mwezi wa Septemba 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Barabara itokayo Bweyeye hupanda katikati ya msitu huo hata Pindura, ikaungana na barabara kuu iendayo Huye na Kigali. Msafiri aishikaye njia hii huvuka mgongo wa milima ugawao maji ya mito miwili mikubwa ya Afrika, yaani Kongo na Naili.

Mvua inyeshayo upande wa magharibi wa mgongo huo hushukia mto Rusizi, ikaingia Ziwa Tanganyika, ikatoka kwa mto Lukuga kwenda Lualaba na Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Mvua inyeshayo upande wa mashariki hushukia Rukarara, kisha Mwogo, kisha Nyabarongo na Akagera, ikaingia Ziwa Viktoria, ikashika njia ya Naili hata bahari ya Mediterania. Bweyeye iko upande wa Kongo. Vijito vyake huelekea Ruhwa, mto uchorao mpaka wa Rwanda na Burundi kabla ya kuingia Rusizi. Hivyo matone mawili ya mvua moja yanaweza kuangukia ukingo mmoja na mwingine, na yasikutane tena.

Wanyarwanda huuita mgongo huo Isunzu rya Kongo-Nili. Jina hili lastahili kuangaliwa na kila mwalimu wa lugha. Isunzu ni kishungi, na amasunzu ni ule mtindo wa kale wa Wanyarwanda wa kunyoa nywele na kuacha mashungi yaliyopinda kama matuta kichwani, uliopambwa na wanaume na pia na wasichana ambao hawajaolewa. Nchi imefananishwa na kichwa cha mtu, na milima na nywele zilizoachwa zisimame. Katika vitabu vya jiografia vya Kiswahili twasoma "kigawa maji" au "mgongo wa maji", maneno yaelezayo kazi ya mlima tu, bila kuuonyesha sura. Nasi tunalo neno shungi, tulitumialo kwa nywele na kwa manyoya ya kichwani mwa ndege. Kwa nini tusiseme "Shungi la Kongo na Naili"?

Tulikwenda kulitazama shungi hilo pamoja na rafiki zetu, walimu na wakulima, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kulipita mara nyingi ndani ya gari wakienda Kigali, wala hawakuwahi kushuka. Watalii wengi huja Nyungwe kwa ajili ya sokwe na mbega, au kulipanda lile daraja la kuning'inia la Uwinka lililofunguliwa mwaka 2010. Sisi tulisimama kando ya barabara katika ukungu, tukatazama kushoto na kulia, tukaona miti upande huu na miti upande ule. Mwenzetu mmoja akasema kwamba hapana kitu cha kuona. Mzee tuliyekuwa naye, aliyekulia ukingoni mwa msitu, akamjibu kwamba kwa watu wa kale hapo palikuwa na jambo la kufa na kupona. Mtu akipotea msituni hufuata maji yashukako. Basi akikosea mgongo akafuata kijito cha ng'ambo ya pili, hatafika kwao, atatokea katika nchi ya watu wengine. Kwa hiyo mlina asali na mchanja kuni walipaswa kujua kila kijito kinaelekea wapi.

Maneno ya mzee huyo yalitukumbusha kisa cha kale cha mto Rusizi, ambacho twaona hakisimuliwi vya kutosha madarasani. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda mitumbwi kutoka Ujiji kuelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Walikuwa wamepashwa habari kwamba mto mkubwa hutoka ziwani upande huo, na Burton alitumaini kwamba huo ndio Naili. Walipofika Uvira, wana watatu wa mtawala wa hapo waliulizwa habari za mto. Wakajibu kwamba wamekwisha kuuona kwa macho yao, na kwamba Rusizi huingia ziwani, hautoki. Watu wote waliosimama pale wakathibitisha. Burton mwenyewe aliandika jinsi moyo wake ulivyovunjika. Wapiga makasia wakakataa kuendelea mbele, na safari ikaishia hapo.

Sasa na tutazame chanzo cha tumaini lile. Habari ya kwanza ilitokana na mfanyabiashara Mwarabu aliyezungumza na Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Uyao aliyekuwa mkalimani wa msafara, ambaye naye aliwaeleza mabwana zake kwa Kihindustani. Baada ya jibu la Uvira, Bombay alisema kwamba hakuyaelewa sawasawa maneno ya yule Mwarabu: alikuwa amenena habari za mto uingiao ziwani. Hatuandiki haya kwa kumlaumu Bombay, ambaye alizisaidia safari nyingi kuliko wasafiri wengi waliopewa nishani. Twayaandika kwa sababu tofauti ya "kuingia" na "kutoka", maneno ambayo mwanafunzi hufundishwa katika juma la kwanza la masomo, iliwapeleka watu wengi hadi ncha ya ziwa bure.

Tena jibu la Uvira halikutosha. Lilitolewa na wenyeji, basi lilihesabiwa kuwa uvumi mpaka lishuhudiwe na Mzungu. Ilichukua miaka kumi na mitatu. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley walitoka Ujiji wakafika mlangoni mwa Rusizi, wakaona mkondo ukiingia ziwani, kama walivyonena wale vijana watatu. Na mwaka 1874 Cameron aliuona Lukuga, mlango yatokako maji ya Tanganyika.

Upande wa pili wa shungi habari zilikwenda vivyo hivyo. Daktari Mjerumani Richard Kandt alifuata Akagera na Nyabarongo kuelekea juu, na mwaka 1898 akaingia katika misitu ya Rukarara, akatangaza kwamba hapo ndipo kichwa cha Naili. Kitabu chake kilitoka mwaka 1904, naye mwaka 1907 ndiye aliyeanzisha makao ya Kigali. Burundi nayo ina chemchemi yake ya Rutovu, iliyo kusini kuliko zote, ambako piramidi ndogo ilijengwa mwaka 1938. Mwaka 2006 wasafiri kutoka Uingereza na New Zealand walipanda Naili yote hadi Nyungwe, wakatangaza kwamba chemchemi ya Rukarara ndiyo ya mbali kabisa, na kwamba mto una urefu wa kilomita 6,718. Hivyo ubishi unategemea swali linaloulizwa: chemchemi iliyo kusini zaidi au iliyo mbali zaidi? Lakini jina Rukarara halikutoka Ulaya. Kandt alilikuta, kwa sababu watu walikuwa wakinywa maji hayo na kuyaita kwa jina.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, tusimwambie mwanafunzi kwamba fulani "aligundua" Rukarara au Rusizi. Tuseme alifika, alifuata, alipima, aliandika. Kupima na kuandika ni kazi ya heshima, wala haihitaji kunyang'anya wengine ujuzi wao. Pili, tuwapeleke wanafunzi na rafiki zetu kwenye alama zilizo karibu nasi, hata kama ni kilima au kijito tu, tukiwa na mzee wa mahali hapo, tumwulize kwa lugha yake, kisha tuandike jibu lake kwa Kiswahili kilicho sahihi. Tatu, tukusanye maneno kama isunzu kabla hayajasahauliwa, tuyapime, na yale yafaayo tuyatafutie ndugu yake katika Kiswahili.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na katika wilaya ya Rusizi kilikuwa kikisikika sokoni Kamembe na Bugarama zamani kabla ya sheria hiyo. Hadhi hiyo yadai kazi. Wale vijana wa Uvira walisema kweli, nao hawakuaminiwa. Hata majina yao hayatajwi tunaposimulia kisa hiki. Mwalimu anayemfundisha mtoto wa Bweyeye kusema wazi, "Maji yetu huingia Rusizi, na Rusizi huingia Tanganyika," anamfundisha sarufi na jiografia kwa sentensi moja. Anamfundisha pia kwamba neno la mwenyeji ni ushahidi.