Vijana wa Budapest na kitabu chao cha hesabu

Mu mashule mingi ya kwetu, hesabu inasomwa kwenye tablo: mwalimu anaandika, mwanafunzi anakopia mu kaye, basi. Yule anayependa hesabu kuliko wengine anabaki peke yake na mazoezi yake. Mu mji wa Budapest, inchi ya Hungaria, kuna vijana waliopata njia ingine karibu miaka 100 iliyopita, na hawakuwa na ofisi wala feza.

Yote ilianza na gazeti. Mwaka 1894, Dániel Arany, mwalimu wa segondari mu mji wa Győr, alianzisha gazeti la hesabu la wanafunzi, ambalo leo linaitwa KöMaL. Linachapisha maswali, mwanafunzi anatafuta majibu nyumbani, anayatuma, na majibu mazuri yanatoka pamoja na jina lake. Kisha picha za waliofanya vizuri zinachapishwa pia. Njo namna vijana walijuana majina na sura mbele ya kukutana. Vita mbili kubwa zilisimamisha lile gazeti, lakini lingali linatoka hata sasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wamoja kati yao walikuwa Budapest: Paul Erdős, Pál Turán, Tibor Gallai, George Szekeres, Esther Klein na wengine. Walikutana mu bustani ya mji, karibu na sanamu ya Anonymus, mwandishi wa zamani ambaye jina lake halijulikane. Wengi walikuwa Wayahudi. Sheria ya 1920 ilipunguza hesabu ya Wayahudi mu iniversite, na mwenye kumaliza masomo hakupata kazi kwa urahisi. Szekeres alisomea kemia, Klein fizike. Hesabu walifanya kwa mapenzi tu.

Kitabu walichopenda ni cha Pólya na Szegő, kilichotoka 1925 kwa Kijerumani, mabuku mawili. Hakina masomo marefu. Ni maswali yaliyopangwa ili moja lifungue mlango wa lingine, na majibu yako nyuma. Kitabu cha namna ile hakisomwe sawa hadithi: swali moja linaweza kula siku tatu, na anayekimbilia majibu anajinyima utamu wote.

Siku moja Esther Klein aliwaletea swali lake mwenyewe. Unaweza kulijaribu na mbegu 5 za mahindi juu ya meza, bila mbegu tatu kuwa kwenye mstari mmoja. Klein alisema: kila mara utapata mbegu 4 zinazofanya umbo la pembe nne, bila pembe yoyote kuingia ndani. Kwa nini? Zungusha kamba inje ya mbegu zote na uikaze. Ikigusa nne ao tano, jibu liko tayari. Ikigusa tatu tu, mbili zimebaki ndani. Chora mstari unaopita kwenye hizo mbili: utaacha mbegu mbili za kamba upande mmoja. Hizo mbili na zile mbili za ndani njo nne ulizotafuta.

Na kwa pembe tano? Inaomba mbegu 9. Erdős na Szekeres walichapisha mwaka 1935 kwamba kwa pembe zozote unazotaka, kuna hesabu ya mbegu inayotosha. Mwaka 1937 Szekeres na Klein wakaoana, na Erdős akaliita swali lile swali la mwisho mwema.

Mwisho haukuwa mwema kwa wote. Turán alipelekwa mu kazi za nguvu, na wamoja wa kundi hawakutoka wazima mu vita. Szekeres na Klein walikimbilia Shanghai, kisha Australia mwaka 1948. Kule, akiwa tayari mzee, Esther alisaidia kuanzisha mu 1984 mikutano ya kila juma kwa wanafunzi wa segondari wanaopenda hesabu. Walikufa siku moja, yeye na bwana yake, mwezi wa nane 2005.

Mwaka uliofuata ilichapishwa kazi ya Szekeres na Lindsay Peters, iliyoonyesha kwa msaada wa kompyuta kwamba pembe sita zinaomba mbegu 17. Kwa pembe saba, wataalamu wanafikiri ni 33. Hakuna aliyeisha kuhakikisha.