Kabla ya betri, barabara: historia ya gurudumu Kasongo

Ukikaa na vijana wa Kasongo wanaopenda magari, wale wanaotengeneza pikipiki mchana na jioni wanapitia picha za mnada wa Japani kwenye simu, ubishi hauchelewi kufika kwenye haibridi, gari lenye injini na mota ya umeme pamoja. Kuna wanaosema Harrier au Vezel ya haibridi ndiyo gari la mahali kama hapa, ambapo esansi, yaani petroli, inafika kwa mapipa na vidumu na bei yake inapanda kila inapovuka mto. Wengine wanauliza betri ikifa itatoka wapi, na nani atakayethubutu kuifungua. Wazee hucheka kidogo. Wameona magari mengi yakiingia upande huu wa Maniema, mashariki mwa Kongo, yakiwa mazima na kufia humu humu, na mengi hayakuuawa na injini.

Ubishi huu unasikika mpya, lakini Kasongo imeshabishana juu ya kila chombo kilicholetwa, na kila mara hukumu ilitolewa na njia. Chombo kilidumu pale alipokuwepo mtu wa kulipia njia, kwa fedha au kwa jasho. Alipoondoka, nacho kilikufa.

Zamani za misafara hapakuwa na gurudumu kabisa. Njia kuu ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare kwa Wabangubangu, ikafika Kasongo na Nyangwe. Mbung'o hawakuruhusu ng'ombe wa kukokota wala farasi, kwa hiyo pembe, vitambaa na bunduki vilikwenda vichwani mwa watu, wengi wao watumwa. Livingstone alikwama Kabambare miezi kadhaa mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu, na hakuwa na kitu kingine cha kumsogeza. Oktoba 1876 Stanley alipita hapo hapo na boti yake, Lady Alice, imekatwa vipande na wapagazi wameibeba mabegani tangu pwani. Karibu na Kasongo akamkuta Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, wakapatana dola 5,000 ili amsindikize kwa vituo 60 vya safari kuelekea kaskazini. Dola 5,000 za wakati ule, na wote kwa miguu! Nyangwe ilipoanguka Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka huo huo, mikononi mwa jeshi la Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, mzigo ulibadili bwana tu. Vichwa vilivyoubeba ni vile vile.

Gurudumu lilikuja kwa chuma. Kampuni ya reli ya CFL ilimaliza reli ya Kindu hadi Kongolo mwaka 1911, kilomita 355, ili kukwepa maporomoko yanayozuia meli kwenye Lualaba. Hapo ndipo Kasongo ilipokosa bahati. Reli ilipita ng'ambo ya magharibi ya mto, na mji uko mashariki. Stesheni yake ikawa Samba. Tangu hapo mpaka leo, anayetaka kushika treni lazima kwanza ashuke Kasongo-Rive ukingoni, avuke kwa baki, yaani pantoni, au kwa mtumbwi, kisha aitafute Samba kwa barabara. Watu wa Kindu huwatania wenzao wa Kasongo kwamba treni yao inahitaji kuogelea.

Kilicholeta motokari barabarani ni pamba. Mwaka 1917 serikali ya Kibelgiji ilianza kuwalazimisha wanakijiji kuilima, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa katika Kongo nzima. Miaka mitatu baadaye ikaundwa kampuni ya Cotonco ya kuinunua na kuitoa mbegu. Pamba ni mali ya haraka: ikivunwa lazima ifike kiwandani, ifungwe marobota, ifike relini kabla mvua haijaiozesha. Kichwa cha mpagazi hakikutosha tena. Zikachongwa barabara za udongo kuelekea vituo vya kununulia, na malori yakafuata.

Barabara hizo hazikuwa na lami, na bado malori yalipita. Siri yake ni ndogo na inachosha. Barabara ya udongo inataka mgongo uinuke katikati, mitaro miwili iwe wazi pembeni, na kila baada ya mita kadhaa mfereji wa kuyatoa maji kwenda porini. Maji yakilala barabarani usiku mmoja, gari la asubuhi linachimba bonde. Gari la pili linalipanua. La tatu linakwama. Basi kila kijiji kilipewa kipande chake, na kantonye, mtunza barabara, akawa mtu wa kila siku: jembe, kikapu cha changarawe, panga la kukata majani, magogo ya kubadilisha kwenye daraja. Mvua ikinyesha, barieri ya mvua ilishushwa, na lori lilisubiri saa kadhaa mpaka udongo ukauke, hata mwenye lori awe nani. Amri ya 1933 iliweka kazi za lazima za vijijini zisizozidi siku 60 kwa mwaka. Barabara ile nzuri ambayo wazee bado wanaisifu ililipwa na babu zao kwa siku hizo, na kwa fimbo pale jasho lilipochelewa. Mimi huwa nasita ninaposikia mtu akiitamani tu bila kutaja bei yake.

Na walioilipia hawakuwa na magari. Malori yalikuwa ya makampuni, ya misheni, ya wafanyabiashara Wagiriki, Wareno na Waasia. Mkulima aliyefanikiwa alinunua kinga, yaani baiskeli, na kinga ilimtosha kwa heshima yote.

Uimara wa barabara hizo ulipimwa kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliiteka Kindu mwezi Julai na Maniema yote ikawa chini yao, magari ya misheni na ya makampuni yakichukuliwa kwa vita. Tarehe 1 Novemba msafara wa jeshi la serikali chini ya Kanali Frédéric Vandewalle, malori na jipu kwa wingi, uliondoka Kongolo kuelekea kaskazini kupitia Samba na Kibombo, na tarehe 5 ukawa Kindu, pamoja na mapigano ya njiani. Mwambie habari hiyo dereva wa lori wa leo aliyelala juma zima kwenye tope moja, uone atakavyokutazama.

Baada ya hapo serikali ilijaribu kuilipia njia yenyewe. Office des Routes, ofisi ya serikali ya barabara, iliundwa mwaka 1971. Lakini tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuzairisha biashara, na maduka ya wageni yakagawiwa pamoja na malori yao. Waliopewa wengi hawakuwa na mahali pa kuagiza spea. Lori lilitembea mpaka lilipovunjika mara ya kwanza, na hapo likawa la kuchunwa. Mwaka uliofuata reli nazo zikaunganishwa kuwa shirika moja, SNCZ, na pamba ikaendelea kupungua. Salongo, kazi ya lazima ya umma ya kila juma, ilitakiwa ifanye kazi ya kantonye, ila kantonye alikuwa akikaguliwa na salongo ilikuwa ikihutubiwa. Kampuni ya migodi ya SOMINKI, iliyozaliwa 1976, ilibaki kuwa mmoja wa wachache waliokuwa na haja ya kweli na barabara, kwa sababu ya bati lake Kalima na dhahabu yake Namoya. Nayo ilifikia mwisho mwaka 1997.

Kisha vita. Waasi wa RCD waliiteka Kindu Oktoba 1998, wanamgambo wa Mayi-Mayi wakashika vijiji, miji ikazingirwa, treni ikasimama. Majani yaliziba barabara mpaka njia ikawa ya upana wa mtu mmoja. Kwa miaka hiyo Kasongo ilikuwa mji usio na gari, na chombo pekee kilichoendelea kushinda ni kinga.

Inafaa kuitazama kinga hiyo kwa karibu, maana hakuna gari la Japani lililowahi kuwalisha watu wa hapa kama yenyewe. Mwenye nayo haipandi, anaisukuma. Anafunga fimbo ndefu kwenye usukani ili aelekeze akiwa pembeni, na fimbo nyingine wima nyuma ya kiti ili asukume. Fremu inaongezewa nguvu kwa kuchomelewa vyuma. Ubavuni vinaning'inia vidumu vya mawese. Kurudi ni chumvi, sabuni na vitenge. Mlimani wanasukuma wawili kwa zamu, mteremkoni anaikokota nyuma kwa kisigino kwa sababu breki haitoshi. Tairi likipasuka linashonwa kwa uzi na kipande cha tairi jingine. Chombo hiki kinapita kwenye daraja la gogo moja, kinabebwa kichwani kwenye mto, na hakinywi kitu. Kama kuna krosova iliyobuniwa kwa ajili ya Maniema, ni hiyo.

Treni ilirudi Kindu mwaka 2004. Pamoja na amani zikaja pikipiki za Kihindi na Kichina, na motari, dereva wa pikipiki ya kukodi, akachukua nafasi ya msukuma kinga. Pikipiki inataka njia ya upana wa mkono, ndiyo sababu imeenea. Umiliki wake pia ni wa namna yake: mwenye pikipiki mara nyingi ni mwalimu, muuguzi au mama wa soko aliyepata zamu yake ya likelemba, yaani upatu, na motari humletea hesabu kwa siku au kwa juma. Baada ya muda waliokubaliana, pikipiki inakuwa ya motari. Familia nyingi zilizoshika karatasi za chombo chenye injini kwa jina lao zimefika hapo kwa mlango huo.

Magari yaliyorudi yalikuwa ya wenye mradi: mashirika, jimbo la kanisa, serikali, na baadaye mgodi wa Namoya huko Salamabila, katika eneo la Kabambare, uliotangaza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya kampuni ya Banro. Karibu yote ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyozinduliwa 1984. Injini yake ya 1HZ ina silinda sita, lita 4.2, inakunywa mazutu, yaani dizeli, ya hali yoyote na haina kompyuta ya kuikasirisha. Fundi wa Kasongo anaifungua chini ya mwembe. Ubaya wake ni bei, na mazutu. Mwalimu hawezi kuiota.

Ndiyo maana haibridi inawavutia vijana, na wana haki ya kuifikiria. Prius ya Toyota, iliyotoka Japani Desemba 1997, ilithibitisha kwamba injini ndogo ikisaidiwa na mota inaweza kupunguza mafuta sana. Betri yake ya kizazi cha pili ni vipande 28 vya nikeli, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Kufa kwa betri mara nyingi ni kufa kwa vipande viwili au vitatu, na fundi mwenye glavu za mpira na subira anaweza kubadilisha hivyo tu. Mafundi wa Nairobi na Kampala wanaifanya kazi hiyo kila siku. Simu yenye programu ya kusoma makosa, na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, vinaonyesha kipande kipi kimechoka. Kwa kijana wa Kasongo aliyezoea kushona tairi, hilo si uchawi.

Tatizo la haibridi liko pengine. Betri hiyo hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kando ya kiti cha nyuma. Vumbi la kiangazi kati ya Kasongo na Kabambare likiziba feni, joto linapanda, vipande vinakufa mapema. Masika, Prius yenye nafasi ya kama sentimita 14 chini yake inakaa kwenye mgongo wa barabara kama bata. Vezel inaongeza sentimita chache, nazo zinaisha kwenye bonde la kwanza lililochimbwa na lori. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui mpaka liwapate: haibridi ya Toyota ikiishiwa betri ile ndogo ya volti 12, haiwaki kwa kusukumwa. Katika mji ambapo kusukuma gari ni nusu ya kuliendesha, hiyo ni kasoro kubwa kuliko zote wanazobishania.

Kuna hesabu nyingine ambayo bado haijafika kwenye ubishi wao. Sheria ya Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa kutunza barabara, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwenye tozo ya mafuta. Kila lita ya esansi inayouzwa kihalali inachangia barabara, iwe barabara hiyo imepata greda au haijapata. Mwenye haibridi anayetumia nusu ya mafuta atachangia nusu, na atapita kwenye matope yale yale na mwenye lori. New Zealand iligundua jambo hilo kwenye magari yake ya umeme, na tangu Aprili 2024 wenye magari hayo wanalipa kwa kila kilomita 1,000 wanazotembea.