Kodi ya Kichwa na Jasho la Mnyonge



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, leo tuitazame kodi moja iliyowatoa jasho wazee wetu wa Uganda kwa zaidi ya miaka 100, kisha tuipime kwa mizani ya wanachuoni wetu.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda uliweka kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa kila kibanda. Wakulima wengi hawakuwa na fedha hizo. Watu wakaanza kubanana katika vibanda vichache ili walipe kidogo. Serikali nayo ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasiolipia kibanda. Hapo hapakuwa na pa kujificha: ulime pamba uuze, au uende kutafuta kibarua. Hata kutoka Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini ya Wabelgiji, maelfu walivuka mpaka kuanzia miaka ya 1920 kufanya kazi mashambani Buganda, wengi wakikimbia kodi na kazi za shuruti za kwao.

Baadaye kodi ikapangwa kwa madaraja, kila mtu akadiriwe kwa mali yake. Kwa maneno ilikuwa haki. Lakini makadirio yalikuwa mikononi mwa machifu na watu wao, na maskini hakuwa na wa kumsemea. Januari 1960 wananchi wa Bukedi na Bugisu walifanya ghasia kuyapinga, na watu wakapoteza maisha. Hata baada ya uhuru wa 1962 misako iliendelea. Wanaume walikimbilia vichakani alfajiri, na asiye na tiketi ya kodi alifungwa. Aliyefungwa hafanyi kazi. Asiyefanya kazi hana cha kulipa, wala cha kuwalisha watoto.

Sasa tumwangalie Imam Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 182 Hijria (798 Miladia). Inasimuliwa kuwa alikulia katika ufukara mjini Kufa, akawekwa kazini kwa dobi akiwa mtoto, mpaka Imam Abu Hanifa alipomsaidia asome. Alipokuwa Kadhi Mkuu, Khalifa Harun al-Rashid alimtaka ushauri kuhusu kodi, naye akaandika Kitab al-Kharaj. Alishauri mkulima atoe fungu la mavuno yake badala ya kiwango kisichobadilika kwa ardhi, maana mavuno yakipungua kiwango hakipungui. Pia alikataza walipaji kupigwa au kusimamishwa juani. Na zaka, kama tujuavyo, haimgusi asiyefikisha nisabu.

Uganda iliisimamisha kodi hiyo mwaka 2005. Wilaya zikapungukiwa fedha, na mwaka 2008 ikaletwa kodi ya huduma za mitaa, inayotozwa wenye mishahara, wataalamu waliojiajiri na wakulima wakubwa.

Hatusemi kodi ni dhulma. Zahanati na barabara hazijengwi kwa maneno matupu. Tunachosema ni kuwa kila sheria ya kodi iulizwe mambo mawili: mzigo unambebesha nani, na akishindwa anafanywa nini? Abu Yusuf aliyajibu hayo kwa sababu aliujua umaskini kabla ya kuijua ikulu.

Wanafunzi wetu, waulizeni babu zenu habari za tiketi za kodi, mwandike wanayowasimulia kabla hawajaondoka nayo.

Wabillahi tawfiq.