Kahawa Ilitangulia Wapanda Mlima

Mjadala wa utalii Ukerewe haukosi kuitaja Kilimanjaro. Inasemwa kwamba Wachaga walikuwa na mlima, wageni wakaja kuupanda, Marangu, kwenye miteremko yake, ikajengeka. Basi sisi wenye kilima cha Handebezyo na jiwe linalocheza la kisiwa cha Ukara tukitangazwa vizuri, mji wetu wa Nansio nao utanyanyuka. Historia ya Marangu inasimulia kinyume. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889, lakini ada ya shule na mabati ya nyumba katika miteremko ile vililipwa na kahawa iliyopandwa kati ya migomba. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vyao vya ushirika. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1973, miaka 40 baadaye. Mtalii alikuta barabara, shule na watu waliokwisha kuzoea kuuza mazao yao wenyewe kwa pamoja, ndiyo maana sehemu ya fedha yake ilibaki.

Atakayepinga atasema kahawa imeporomoka na leo vijana wengi wa kule wanategemea kubeba mizigo ya wapanda mlima. Ni kweli, na ujira huo si wa kudharauliwa. Lakini ni kazi ya msimu. Ada za hifadhi huenda serikalini, na safari nyingi huuzwa na kampuni za Moshi, Arusha na ng'ambo. Tena hifadhi hunyima pia: mwaka 2005 msitu uliingizwa ndani ya mipaka yake, pamoja na ule ukanda wa nusu maili ambamo wanakijiji walikuwa wakikata majani na kuokota kuni tangu enzi za ukoloni.

Ukerewe inalijua somo hili kwa njia ya sangara. Samaki huvuliwa visiwani, viwanda viko Mwanza. Mtalii atapita njia ile ile: atalala Mwanza, ambako kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko jirani kabisa na hoteli, na akivuka kuja Nansio atakuja na chakula chake na mwongozaji wake.

Wengine hujibu kwamba utalii ndio utakaoilazimisha serikali ilete miundombinu. Sioni ushahidi wa hilo. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 2018 karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 200, wengi wa waliokuwamo walikuwa wenyeji waliotoka gulioni Bugolora. Kivuko salama chenye ratiba inayoaminika kilikuwa haki yao kabla mgeni yeyote hajakihitaji. Kikiwapo, kitasafirisha machungwa, dagaa na wagonjwa mwaka mzima, na mtalii atakata tiketi dirisha lile lile.