Nani Alimlipa Mwalimu?

Juma lililopita dada mmoja wa shirika alipita kwenye hema tunamofundishia, hapa Nyarushishi, akiwa na karatasi zake. Alihesabu watoto, akahesabu madaftari na kalamu, halafu akaniuliza: "Na wewe, mwalimu, nikuandike wapi?" Nikamwambia, andika mwalimu. Akatafuta kwenye fomu, hakuna mahali. Akaniandika "mtu wa kujitolea". Sikukasirika, maana alisema kwa heshima na fomu si yake. Lakini usiku ule usingizi haukuja. Nilimkumbuka babu.

Babu alifundisha shule ya kanisa kwenye milima ya Walungu, ng'ambo ya Ruzizi, miaka ya 1940. Asubuhi alifundisha kusoma na kuhesabu, jioni alifundisha sala, Jumapili aliongoza ibada kama padri hakufika. Kwenye kitabu cha misioni alikuwa "katekista". Malipo yake yalikuwa chumvi, kipande cha kitambaa, na franka chache ambazo mara nyingine zilichelewa. Bibi ndiye aliyelima ili mwalimu ale.

Wengi wetu tunaamini kwamba shule za wakoloni zililipwa na wakoloni. Tuangalie vizuri.

Katika wilaya hii hii ya Rusizi, Mapadri Weupe walifungua misioni ya Mibirizi mwaka 1903, wakati Wajerumani wakitawala Rwanda. Upande wetu wa Congo, mwaka 1906 serikali ya mfalme Leopold ilipatana na Vatikani: kila misioni ipewe hekta 100 mpaka 200 za ardhi, nayo iendeshe shule, hasa ya kilimo na kazi za mikono. Sasa jiulize, ardhi ile ilikuwa ya nani? Minervali ya kwanza ililipwa na wazee wetu, kwa mashamba yao, na hakuna aliyewapa risiti.

Ubelgiji ilichukua Congo mwaka 1908, na Rwanda ikaingia mikononi mwake mwaka 1916. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 serikali ilifanya mapatano na misioni za Kikatoliki ili izisaidie kwa pesa. Mwaka 1929 ilichapa kanuni za shule hizo, kwa ajili ya Congo na Ruanda-Urundi pamoja. Kwa hiyo kanuni ile ile ilifika kingo zote mbili za Ruzizi.

Pesa ilikwenda wapi? Kwanza ilikwenda kwa misioni zilizoitwa "za taifa", yaani za Wabelgiji. Kwetu Congo, Waprotestanti kutoka Sweden, Norway au Marekani walijitafutia wenyewe mpaka 1948. Mtoto aliyezaliwa karibu na misioni yao alikuwa mtoto kama wengine, ila shule yake haikuhesabiwa. Pili, fungu la mmisionari Mzungu lilikuwa kubwa kuliko la moniteri Mwafrika mwenye diploma. Na mwalimu wa kijijini asiye na diploma, kama babu? Huyo aliachiwa misioni na kijiji. Lakini bwana, watoto wengi walianzia kwake! Wachache walitoka hapo wakafika shule ya misioni, wachache zaidi wakaingia shule ya moniteri au seminari.

Huko juu pesa haikukosekana. Bukavu, mwaka 1938, Majesuiti walifungua koleji kwa ajili ya watoto wa Wazungu, ile ambayo sisi tunaiita Alfajiri. Huku Rwanda, shule ya Astrida ya Mabruda wa Upendo ilianza masomo mwaka 1932 ili kuandaa makarani na wasaidizi wa utawala. Nafasi nyingi zilikwenda kwa wana wa machifu Watutsi, na watoto wa Kihutu walioingia walikuwa wachache sana. Ubaguzi ule ulipanda sumu, na nchi hii inajua gharama yake. Congo ilipopata uhuru mwaka 1960, watoto wengi walikuwa wamepita shule ya msingi, lakini Wakongomani waliokuwa na digrii hawakufika 30.

Baada ya hapo tulijitawala. Mwaka 1974 serikali ilichukua shule za makanisa, mwaka 1977 ikayarudishia makanisa kuziendesha kwa mapatano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ilikufa kabisa, na wazazi wakaanza kutulipa wao. Nilikuwa kijana ninayeanza kazi. Nililipwa kwa pesa ya mama wanaouza sambaza, na mara nyingine kwa debe la maharage. Wazazi ndio walikuwa serikali yangu. Elimu ya msingi ya bure ilitangazwa mwaka 2019, wakati nimeshazoea kuishi bila kungojea mwisho wa mwezi.

Sisemi haya ili kulaumu wanaotusaidia. Hema ni lao, kalamu ni zao, na tunashukuru. Nasema kwa sababu kuanzia babu mpaka mimi naona jambo moja: pesa hufuata daftari, na asiyeandikwa kama mwalimu hulipwa na maskini wenzake. Juzi mama mmoja aliniletea kipande cha sabuni, nusu ya ile aliyopewa yeye. Alisema, "Pokea, mwalimu, mtoto sasa anaandika jina lake." Niliipokea, na nikaandika kwenye daftari langu tarehe na kitu alichotoa.

Ndugu zangu wa hapa kambini, andikeni nanyi mnachotoa. Na wewe dada wa fomu, ukisoma haya, naomba mstari mmoja tu: "Mwalimu". Hata kama mbele yake, kwa leo, utaweka sifuri.